Dakika Tatu pale Lohmühle

Jumanne ya tarehe kumi na nne Novemba, saa moja na dakika arobaini na sita asubuhi, mimi na mke wangu Irmtraud, ambaye wote tulimwita Traudel, tulisimama kwenye taa ya waenda kwa miguu pale Lohmühle, na mambo yote yakaharibika hapo. Daktari wa mtaani kwetu anasema yaliharibika zamani, kwamba moyo wa Traudel ulikuwa umechoka miaka mingi. Aseme. Yeye hakuwepo pale. Mimi nilikuwepo, na saa niliiona kwa macho yangu kwenye ubao wa kituo, ng'ambo ya barabara.

Ubao ulisema tramu namba tisa, ya kwenda hospitali kuu, inaingia baada ya dakika tatu.

Miadi yetu ilikuwa saa mbili na nusu. Tuliingoja tangu Juni, maana mabingwa wa moyo katika mji huu ni wachache na wagonjwa ni wengi, na wenye mji wanaona hilo ni jambo la kawaida. Siku hiyo walikuwa wampime, na kama ingebidi, wamlaze palepale ili wamfungue kifua juma hilohilo. Traudel alivaa koti lake la kijivu, lile la Jumapili, akasema kwa madaktari wakubwa haendi kama mtu anayetoka kununua viazi. Mkono mmoja nilibeba mfuko wa karatasi zake na nguo za kulalia, mkono mwingine nilimshika kwapani. Kutoka mlangoni kwetu mpaka pale ni kama hatua mia mbili. Alipumzika mara tatu.

Zamani kituo kilikuwa upande wetu, mbele ya duka la mikate. Unatoka ndani, unanunua mkate wako, unapanda. Halafu waliokaa ofisini wakanunua tramu mpya, na tramu mpya zikataka jukwaa refu, na jukwaa refu likakosa nafasi mbele ya duka la mikate. Wakalijenga ng'ambo. Siku ya kulifungua walikuja na mkasi na utepe, wakapigwa picha, na gazeti likaandika kwamba sasa wazee watapanda bila kuinua mguu. Ni kweli, mguu hauinui. Ila kwanza uvuke njia nne za magari.

Nisidhaniwe kuwa mzee wa kulalamika tu. Shule niliiacha mapema, lakini tramu naijua. Miaka thelathini na moja nilipaka grisi kwenye kona za reli za mji huu, alfajiri kwa alfajiri, ili magurudumu yasilie na wakubwa walale vizuri. Hakuna kona ya reli ambapo sijapiga magoti. Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani. Mwaka uliofuata wakapunguza namba tisa, ikawa inakuja kila baada ya dakika ishirini badala ya kumi. Kwa hiyo ukiikosa, umeikosa kwelikweli.

Basi tukasimama. Taa ilikuwa nyekundu, yule mtu mdogo mwekundu mikono chini kama askari. Barabara ilikuwa tupu. Kulia hakuna gari, kushoto hakuna gari.

"Inachelewa leo," nikasema.

"Itakuja," akasema Traudel.

"Tuvuke tu. Hata baiskeli hakuna."

"Alwin. Pale jukwaani kuna watoto. Wanatuona."

Kweli walikuwepo, watano au sita, na mikoba yao ya shule. Na kwetu mtu mzima havuki kwenye nyekundu. Si kwamba naogopa polisi. Ni aibu tu, kama kutupa taka mbele ya mlango wa jirani. Traudel mwenyewe alifanya kazi miaka ishirini na sita kwenye shule ya chekechea, na nimewahi kumsikia akimwambia bwana mmoja mwenye tai aliyevuka kwenye nyekundu: "Wewe baba, kama una haraka ya kuzikwa, subiri basi watoto wapite." Yule bwana alirudi nyuma akasimama. Ndivyo alivyokuwa mke wangu.

Kwa hiyo tulisimama. Ubao ukasema dakika mbili. Ukasema moja. Nikaiona namba tisa ikipinda kona ya kiwanda cha zamani cha ngozi, ile kona niliyoipaka grisi zaidi ya zote. Ikaingia kituoni, ikafungua milango, watoto wakapanda. Nikainua mfuko juu ili dereva atuone. Alituona. Aligeuza uso. Simlaumu sana, maana zamani dereva angengoja, lakini siku hizi kuna mashine inamhesabia sekunde na kumshtaki kwa wakubwa. Milango ikafungwa. Tramu ikaondoka.

Hapo akaja mama mmoja na baiskeli, akasimama pembeni yetu akivuta makamasi kwa ajili ya baridi, na haikupita nusu dakika taa ikawa kijani. Tukavuka kwa heshima zote, kwenda kwenye jukwaa tupu.

Kwenye benchi alikuwepo Bwana Dudek, jirani yetu wa ghorofa ya chini, aliyekuwa mchimba makaa. Huja kituoni kila asubuhi na chupa yake ya kahawa, hapandi chochote.

"Mmeikosa?" akauliza.

"Unaona sisi tuko ndani yake?" nikamjibu.

"Usinikasirikie mimi, Alwin, sikuitengeneza mimi hiyo ratiba. Kaa hapa, mama Traudel. Mimi naikosa kila siku na sijafa."

Traudel akacheka. Akakaa karibu naye. Nikasema naita teksi, nikatoa simu, naye akaushika mkono wangu.

"Acha, mzee wangu. Nyingine inakuja."

"Tutachelewa."

"Tutafika tutakapofika."

Akatoa pipi ya mnanaa mfukoni, akampa Dudek moja, akala moja. Namkumbuka vizuri alivyokaa pale. Ametulia, miguu pamoja, kama mtu aliyeenda matembezi. Mimi ndiye niliyekuwa nazunguka jukwaa kama mbwa aliyefungwa.

Iliyofuata nayo ilichelewa dakika sita, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Tulipofika dirishani hospitalini ilikuwa saa tatu kasoro dakika saba. Binti wa mapokezi alitazama kompyuta yake kwanza, halafu sisi.

"Bibi Kottke, miadi yako ilikuwa saa mbili na nusu."

"Tunajua ilikuwa lini," nikasema. "Tulikuwa kwenye tramu yenu."

"Tramu si yetu, babu."

"Yenu, yao, wote mnalipwa kwa kodi yangu."

"Sikiliza, babu. Ikipita robo saa, nafasi inakwenda kwa mwingine. Ndio utaratibu. Nikiwaingiza nyinyi, mwenye saa tatu nimwambie nini? Na yeye ana moyo."

"Mwambie akae, kama sisi tulivyokaa tangu Juni."

Traudel akanivuta mkono wa koti. "Alwin, mwache mtoto wa watu afanye kazi." Akamgeukia yule binti. "Nipe siku nyingine, mwanangu."

Akapewa tarehe tisa Januari. Akasema asante. Mtu anafukuzwa mlangoni na moyo wake mkononi, naye anasema asante.

Halafu akataka tukanywe kahawa. Kuna mkahawa pale karibu na lango la hospitali, wanauza keki ya plamu za kwetu, yale matunda ya rangi ya zambarau, na malai juu. Alikula kipande kizima. Miezi kadhaa alikuwa anakula nusu na nusu nyingine ananisukumia mimi. Siku ile alikula chote, akakwangua sahani kwa uma. Mimi sikuweza hata kumeza kahawa. Nilikuwa naandika barua kichwani.

Alikufa tarehe ishirini na sita, Jumapili ile ya mwisho kabla ya majilio, ambayo watu wetu hupeleka mashada makaburini. Alikuwa amekaa kitandani anavaa soksi ili twende kwenye kaburi la mama yake. Soksi moja ilikuwa mguuni, nyingine mkononi. Nilikuwa jikoni. Nilimwita mara mbili, nikidhani amekasirika.

Baada ya mazishi nikaanza kuandika. Mwandiko wangu ni mbaya, na kila barua niliiandika mara tatu. Niliandika kwa kampuni ya tramu, kwa hospitali, na kwa idara ya barabara ya mji. Niliwaambia jambo moja tu: taa yenu pale Lohmühle ilikuwa mbovu, ilibaki nyekundu zaidi ya dakika tatu barabara ikiwa tupu, kwa ajili hiyo tulikosa tramu, kwa kukosa tramu tulikosa daktari, na kwa kukosa daktari mke wangu yuko chini ya ardhi. Nataka mmoja wenu aandike kwa mkono wake kwamba ni kosa lenu. Sitaki kitu kingine.

Kampuni ikajibu kwamba inasikitika kwa usumbufu. Hospitali ikajibu kwamba haiwezi kujadili habari za mgonjwa. Dudek alizisoma zote mbili pale kwenye benchi, miwani imeshuka puani.

"Usumbufu," akasema. "Hili neno wanalo kwenye muhuri, wanaligonga tu."

"Naandika tena."

"Andika. Watakujibu kwa kuondoa tramu nyingine moja." Akanirudishia karatasi. "Alwin, ndugu yangu, na wakikuandikia kwamba ni kosa lao, utafanya nini nayo hiyo karatasi?"

"Nitaiweka."

"Wapi?"

Nilikuwa nimepanga kuiweka kwenye fremu iliyokuwa na picha ya ile siku ya mkasi na utepe. Niliikata gazetini, na hata leo sijui kwa nini.

Idara ya barabara ndiyo iliyoniita. Ilikuwa Februari. Nilivaa suti ya mazishi, sina nyingine, nikapanda namba tisa mpaka ofisi za mji. Alinipokea kijana mmoja, Bwana Terhorst, mhandisi wa taa, mrefu, ana ndevu kidogo, kwenye dirisha lake kuna mti wa limau kwenye chungu.

"Bwana Kottke, pole sana kwa msiba."

"Pole yako nimeipokea. Tuzungumze taa."

"Tuzungumze. Barua yako ilifika mapema, kwa hiyo tuliwahi kutunza kumbukumbu za siku ile. Kwa kawaida zinafutwa." Akatandaza karatasi yenye mistari na namba. "Taa haikuwa mbovu."

"Nyekundu dakika tatu, hakuna gari, halafu unaniambia nzima?"

"Taa ya pale haigeuki yenyewe. Magari yana kijani muda wote, mpaka mwenda kwa miguu aombe."

"Aombe?"

"Abonyeze. Kile kisanduku cha manjano kwenye nguzo."

"Kijana, mimi nimezaliwa mji huu. Kisanduku nakijua."

"Najua unakijua, mzee. Wote tunakijua. Ndiyo maana inatokea kila siku. Mtu anamkuta mwenzake amesimama, anadhani ameshabonyeza, na yeye anasimama. Nimewahi kuona watu tisa wamesimama hivyo mvua inanyesha. Mimi mwenyewe, na taa ni zangu, nimesimama hivyo." Aliweka kidole kwenye karatasi. Alikuwa anaona haya, nilimwona, na hilo liliniuma kuliko kama angekuwa na kiburi. "Hapa. Ombi la mwisho kabla yenu, saa moja na dakika thelathini na tisa. Linalofuata, saa moja na dakika hamsini na sekunde kumi na mbili. Katikati hakuna kitu. Sekunde ishirini na mbili baada ya ombi, kijani kikaja."

Nikamwambia mashine yake inadanganya. Hakubisha. Akanimiminia maji kwenye bilauri.

Nikiwa nakunywa yale maji nikamwona tena mama wa baiskeli. Alikuwa amepitisha mkono mbele ya kifua cha Traudel. Niliuona ule mkono siku ile nikadhani anajishikiza kwenye nguzo.

Mimi kusoma sikusoma sana, lakini kutoa na kujumlisha najua. Tulifika pale saa moja na arobaini na sita. Sekunde ishirini na mbili. Tungevuka, tungepumzika mara moja katikati, tungepumzika tena jukwaani, na tungeingojea tramu tukiwa tumekaa.

"Nani aliweka taa ya kuombwa?" nikamwuliza. "Barabara ya kwetu, tumekaa pale miaka arobaini, na sasa tuombe ruhusa kwa kisanduku?"

"Iliwekwa jukwaa lilipohamishwa. Ili magari yasisimame bure."

"Kwa hiyo magari yasisimame bure. Sisi tusimame."

Akaitazama meza yake. "Hilo naweza kuliandika," akasema. "Kwamba taa ya namna hii haifai kwenye kituo chenye wazee wengi. Nitaliandika na nitatia sahihi. Lakini kwamba ilikuwa mbovu siwezi kuliandika, mzee wangu. Si kweli."

Akanipa fomu niende nayo nyumbani. Inasema nimepewa maelezo, nimeyaelewa, na nimeridhika, kisha kuna mstari wa jina langu.

Nilishuka Lohmühle nikavuka kurudi upande wetu, nikasimama palepale tulipokuwa tumesimama, nikajipanga kama siku ile. Mfuko mkono huu, Traudel mkono huu. Mimi nilikuwa upande wa upepo, ili nimkinge. Yeye alikuwa upande wa nguzo. Kisanduku cha manjano kilikuwa kwenye kiwiko chake.

Jumamosi akaja binti yetu Anke, anakaa mbali, mwendo wa saa tatu kwa treni. Nikamweleza ya kisanduku, nikamwonyesha fomu. Aliisoma akiwa amesimama, bado na skafu shingoni, halafu akakaa kwenye kiti cha mama yake bila kuona kwamba ni cha mama yake.

"Haiwezekani," akasema.

"Ndivyo nilivyomwambia yule mhandisi, mashine yao haiwezekani."

"Si mashine, baba. Mama. Kisanduku kilikuwa cha mama. Hukumbuki? Tukiwa wadogo, akitangulia mtu mwingine kubonyeza, alipigwa kikofi cha mkono. Kule chekechea walikuwa na zamu za kubonyeza, na zamu alikuwa anazipanga yeye. Hata nilipokuja na mume wangu mara ya kwanza, alimsogeza pembeni akabonyeza mwenyewe."

"Kwa hiyo unasema kosa ni lake."

"Sijasema kosa."

"Alikuwa mgonjwa. Alikuwa anahema. Mtu anayehema anasahau."

"Inawezekana, baba."

Akavua skafu, akaikunja, akaikunjua. Nimemlea mimi yule mtoto, najua anapokuwa na kitu.

"Sema."

"Jumatatu ile jioni alinipigia simu. Kabla ya miadi yenu. Wewe ulikuwa umeshuka kwa Dudek."

"Akasema nini?"

"Alisema wakimfungua kifua hatoki mle ndani. Alisema anajua tu. Alisema angependa afie kwake, na soksi zake miguuni, si kwenye yale mashuka yao." Akaiweka skafu mezani. "Nikamwambia mama, basi mwambie baba. Akasema, baba yako ameshapanga mfuko, amekata kucha, ameandika saa za tramu kwenye karatasi. Nitamwambiaje?"

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ukijua utambeba kwa toroli mpaka hospitali."

Ni kweli, ningembeba. Nilimwambia Anke hivyo, naye akasema anajua, na tukakaa pale jikoni mpaka kahawa ikapoa, hakuna aliyeinywa.

Fomu ya Terhorst bado iko mezani. Ameshaniandikia mara mbili, kwa upole, akinikumbusha. Sijatia sahihi. Maana bado nasema, na nitasema mpaka na mimi wanipeleke kwa Traudel: wangekiacha kituo mbele ya duka la mikate, kusingekuwa na barabara ya kuvuka, wala taa, wala kisanduku. Angepanda, au angekataa kwa mdomo wake, na ningejua. Hilo ni lao, hawatalikwepa kwa karatasi yenye mistari. Lakini siwezi tena kuandika ile barua ya kwanza kama nilivyoiandika.

Siku hizi nakwenda kukaa na Dudek asubuhi. Natazama watu wanaofika kwenye nguzo ya ng'ambo. Mtu akibonyeza, neno dogo jekundu linawaka juu ya kisanduku, la kumwambia angoje. Kama hakuna aliyebonyeza, ni giza. Mimi siku ile nilikuwa natazama ubao wa tramu, dakika tatu, mbili, moja. Lile neno lilikuwa mbele ya macho ya Traudel, shibiri mbili kutoka usoni pake, na hata mimi mwenye macho mabovu naliona kutoka huku kwenye benchi kama limewaka au halijawaka. Jana nilimwuliza Dudek yeye anaonaje, naye akamimina kahawa, akatazama barabara.

Traudel, uliliona halijawaka?